Restora ya mulango ya bulu ku Kamalondo: mutu wa kolopati alikula, njo haya

Nianze na toalete. Najua mutu akiandika juu ya restora anaanzaka na chakula, kisha bei, kisha kama bamama bale bako na roho muzuri, lakini miye niko na kolopati, ile ugonjwa ya utumbo munene kuuma na kuharibika bila kidonda kuonekana, mwaka ya ine sasa, na mutu wa kolopati akiingia fasi ya kula kitu ya kwanza anatafuta na macho haiko menyu, ni mulango ya toalete: iko wapi, mbali gani na meza, na funguo iko kwa nani. Hapa iko nyuma, unapita pembeni ya mbabula, hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Funguo inatundikwaka ku musumari nyuma ya mulango ya jikoni, hauombe mutu ruhusa, unakamata unaenda. Mayi iko mu pipa na kopo, sabuni iko, karatasi hakuna, beba yako. Kuko fasi ingine hapa hapa Lubumbashi, sahani moya dola kumi na tano, baridi ya klimatizere mpaka unatetemeka, na funguo ya toalete iko kwa sentineli, na sentineli alienda kununua inite ya telefone. Ile siku sitaisimulia.

Restora yenyewe iko Kamalondo, haiko mbali na stade ya Mazembe, haina kibao wala jina, utaona tu mulango ya bulu na batu bamesimama inje. Meza sita, mabenchi, viti mbili ya plastiki. Bukari na samaki na majani falanga elfu munane, maharagi elfu ine, mbuzi elfu kumi. Haiko bei ya chini ya Kamalondo, pale pale kwa jirani unashiba na elfu tatu, lakini jirani sijue kopo yake ya mayi inatoka wapi na mu musimu ya mvua na mambo ya kolera ile haiko ulizo ya kucheka.

Ju ya nini toalete njo ya kwanza kwa miye? Tumbo ikipokea chakula inatuma habari chini ku utumbo munene, ile kolo yenyewe, asema sogezeni kule, bengine banakuya, na kolo inaanza kukamua bile bilibakia ndani. Kwa kila mutu inafanyikaka vile, njo maana mutoto akinyonya anachafua nguo hapo hapo. Kwa mutu wa kolopati ile habari inafika na megafone. Kolo ni kama metre moya na nusu, banaweza kukuingizia kamera bakaitembelea yote na basione kidonda hata moya, sawa fundi anaangalia bomba, bomba haina tundu, lakini presha inaenda vile inataka. Njo vile batu banasema unajifanyisha. Bibi yangu mwenyewe alisemaka vile mwaka ya kwanza, kisha akaniona usiku moya, hakusema tena.

Sasa chakula. Siku ya kwanza nilifika mbele ya saa sita, hakuna batu mingi, nikamwendea mwenye restora polepole, nikamwambia mama samahani, mungeweza kunipikia samaki bila kitunguu? Akaniangalia, "Papa, uko na gastrite?" Maana siye hapa kila tumbo yenye kuuma ni gastrite. Nikasema hapana mama, ni kolo. "Aah, kolo. Basi ukae." Hakuuliza tena, hakuita bengine bakuye kumuona mutu asiyekula kitunguu, alienda akapika. Nikamwambia tu majani ya kijani ya kitunguu hainisumbue, ni kichwa yake njo iko na matata, na tangu ile siku ananiwekea ile majani, na anakumbuka bila kumukumbusha. Kwa ile peke yake ningemupa nyota.

Tilapia ya kuchemsha, nyanya kidogo, chumvi, bukari ya bunga ya mihindi ya moto, lengalenga. Bukari yake iko nguvu, haiko ile ya kuteleza. Nilikula nikamaliza, nikakaa pale dakika makumi ine nikingoja, na hakukuwa kitu. Mutu muzima hawezi kuelewa furaha ya "hakukuwa kitu".

Kule Australia, Monash ya Melbourne, njo balitengeneza liste ya bakula yenye sukari fulani inachachaka mu kolo: mukati ya ngano, kitunguu, kitunguu saumu, maharagi, maziwa kwa bale miili yao haiivunje, matunda zingine pia. Niliposoma upande ya bizuri nikafurahi juu kuko mihindi, muchele, samaki, nyama, mayai, maana yake bukari iko ya kwetu na haina kosa, ni mukati ya asubuyi na chai ya maziwa njo ilikuwa inanivimbisha sawa balo. Upande ingine nikahuzunika, Mulushwa, mutu wa Lubumbashi, gani anapika bila kitunguu? Lakini musikamate ile liste mukatupa bintu byote mara moya mukabakia na muchele mutupu. Inafanywaka juma mbili mpaka sita, kisha unarudisha kitu moya moya unaangalia gani njo adui yako. Wangu ni kitunguu na mukati. Mwengine atakula mukati kilo moya na pilipili njo itamulaza.

Maharagi: hapa niseme kweli. Mama analaza maharagi mu mayi usiku muzima, asubuyi ile mayi anamwaga, akichemsha mara ya kwanza anamwaga tena. Iko sawa kabisa, juu sukari ya maharagi mwili yetu haina kitu ya kuikata, inashuka mu kolo nzima nzima na bale badudu badogo ya mule ndani banaifanyia sikukuu, njo gazi, na sehemu ya ile sukari inatoka na mayi. Nilijaribu nusu sahani. Saa kumi tumbo ilikuwa inalia sawa treni inapanda mulima na mabehewa ya shaba. Haiko kosa yake, ni tumbo yangu, lakini kama uko sawa miye usijaribu siku uko na reunyo.

Kosa yake iko ingine. Siku ya tano, vendredi, mama anaendaka ku lupangu ya jamaa yake na mutoto yake njo anapika, muzuri, mucheshi, nikamwambia bila kitunguu akasema hakuna shida yaya, na ndani akatupa kibe mbili, ile ya kutia ladha mu mboga. Kibe iko na kitunguu ya unga, na kitunguu saumu, musome karatasi yake. Nililala ku toalete, naweza kusema vile. Niliporudi posho, samedi, nikamwambia mama, akamuita mutoto mbele yangu akamuonya, nikaona hata haya. Siku ya tano basi siendake tena, na weye kama uko na shida hii usiende.

Najua bamoya banasoma banasema na miye niko na kolopati. Ngoja kwanza. Miye mbele ya kupata jina hii nilikunywa dawa ya amibe mara tano mu mwaka moya. Metronidazole, kinywa inakuwa sawa vile nilikuwa ninalamba shaba, chakula yote inanuka chuma, siku tano nzuri kisha inarudi. Amibe iko, haiko hadisi, inauaka batu, lakini ku mikroskopi inaomba mavi ya moto moto, baiangalie mbele ya saa moya kupita, juu inakufa upesi. Miye niliacha kopo yangu asubuyi, jibu inatoka jioni, na kila mara imeandikwa amibe na alama mbili ya kujumulisha. Fasi sitataje. Kisha tifoide, nikanywa ya tifoide pia.

Mpaka munganga moya kijana aliponikalisha akaniuliza maulizo hakuna mutu aliniulizaka: damu iko? unapunguka kilo? inakuamushaka usiku? kuna homa? damu ya mwili iko kidogo? mu jamaa kuko mutu alipataka kansere ya kolo? Akanionesha karatasi ya picha saba, banaita ya Bristol, ya 1997, namba moya ni sawa mavi ya mbuzi, namba saba ni mayi matupu, ya tatu na ya ine njo ya mutu muzima, akasema nioneshe yako na kidole. Nilicheka lakini njo mara ya kwanza niliweza kusema shida yangu bila kutafuta maneno. Akasema kolopati inahesabiwa kama maumivu iko angalau siku moya kila juma, miezi tatu, na kuko angalau mbili mu bile bitatu: inafungamana na kwenda ku toalete, mavi inabadilika sura, mavi inabadilika hesabu. Na kama kuko moya ya bile aliuliza, damu, kilo, kuamuka usiku, ao yote ilianza ukiisha kupita myaka makumi tano, ile haiko kolopati mpaka kamera iseme. Mu jamaa yetu kuko mutu, njo nilienda kwa kamera. Kwanza kusafisha kolo: unga mu mayi litre ine, chumvi chumvi, unakunywa kopo kwa kopo, na mayi ya robine ilikuwa imekatika ile usiku, jirani alinikopesha bido tatu. Kamera yenyewe sikusikia kitu, balinilaza usingizi. Kazi ya nguvu ni ile litre ine, haiko kamera.

Naandika yote hii ju ya muzee moya wa pale restora. Alitumika Gécamines, ile kampuni ya shaba, siku ya posho anakaa meza ya karibu na mulango ya mbele, anapenda sombe na mbuzi, alinisikia naongea na mama mambo ya kolo akasema "mwanangu, na miye niko na ile kolopati yako, natokaka damu kidogo kidogo." Nikaweka kijiko chini. Nikasema muzee, damu haiko kolopati. Akasema basi ni emoroide, bawasiri, kila mutu iko nayo, na anajifanyiaka lavema, dawa ya kuingiza kwa nyuma na pwari, tangawisi na pilipili. Nikamwambia ile inachoma ngozi ya ndani, muzee, ata kama ni emoroide kweli unaizidisha, na kama haiko emoroide unapoteza miezi. Juu ni mutu wa bale nikamwambia hata Pelé, 2021 balimutoa uvimbe mu kolo, mwezi ya kumi na mbili 2022 akafariki nayo. Akanijibu Pelé alikuwa na myaka 82, miye niko na 61, niko na wakati.

Kwa ile nilikosa la kusema muzuri. Nilimwambia tu asema kile kinyama kidogo kinaanza mu kolo, polipe, mara mingi inachukua kama myaka kumi kugeuka kansere, na ile kamera ikiikuta inaikata hapo hapo na unarudi kwako jioni. Akasema mukongomani akiishi na majani na bunga hawezi kupata ile, ni ya bazungu. Kuko munganga moya, Burkitt, alitumika Uganda, mu myaka ya 1970 alisemaka kitu inafanana na ile, asema batu ya mugini banakula bintu nzito ya majani na ile magonjwa ni haba kwao. Lakini nkambo zetu njo balikula vile. Siye tunakula mukati mweupe, soseji na sukre ya chupa, na muzee mwenyewe mbele yake kulikuwa sukre mbili.

Mama alisikia yote, akasema "baba, huyu mutoto anasema kweli," akamuondolea chupa moya. Ile pia niliipenda.

Basi: ine ku tano. Naondoa moya juu ya kibe ya siku ya tano na karatasi. Pilipili inakuya pembeni mu kasahani, hawaitupe ndani bila kukuuliza. Munkoyo iko, miye sikunywe, siwezi kuhukumu. Fika mbele ya saa sita na nusu, saa munane hakuna kitu tena, siku ya mechi musijaribu kabisa, na umwambie mama tumbo yako mapema, haiko haya kwake.

Kiti muzuri ni ile ya plastiki karibu na mulango ya nyuma, hatua kumi na mbili, ilikuwa ya miye. Posho hii iliyopita nilikuta muzee njo ameikalia. Nikavuta benchi pembeni yake, nikamuuliza kama siku ya tatu asubuyi iko na nafasi.