Wiki 12 na programu ya simu: tathmini ya mkimbiaji mgeni wa nusu marathoni ya hisani

Nilijiandikisha kwa nusu marathoni ya hisani kabla sijawahi kukimbia hata kilomita tatu mfululizo, na sababu yangu ni ile ile inayowaingiza wengi: mwenzangu kazini aliniomba mbele ya watu, fedha zilikuwa zikichangwa kwa ajili ya matibabu ya watoto, nami nikaona haya kukataa. Usiku ule ule nilipakua programu ya simu inayoahidi kumchukua mtu asiyekimbia kabisa na kumfikisha kilomita 21 na mita 97 na nusu katika muda wa wiki 12. Nimeitumia tangu siku ya kwanza hadi siku ya mbio, mwezi wa kwanza katika toleo la bure na muda uliobaki katika toleo la kulipia. Sitaitaja jina, kwa kuwa wenzangu wawili waliotumia programu nyingine walinieleza kasoro zinazofanana mno na zile nilizoziona mimi. Nimeipa nyota tatu kati ya tano, yaani nne kwa wiki sita za mwanzo na mbili kwa sita za mwisho.

Wiki za mwanzo zinastahili sifa. Zoezi la kwanza lilikuwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane, na hapo likaisha. Nilihisi nimedharauliwa. Siku ya tatu nikaamua kuionyesha programu kwamba mimi si wa kubembelezwa, nikakimbia dakika 12 bila kusimama, na dakika ya 13 ilinikuta nimekumbatia nguzo ya taa, kichomi kimenishika chini ya mbavu za kulia, huku ile sauti masikioni ikiniambia kwa upole kabisa kwamba sasa ni wakati wa kutembea. Baadaye nilisoma kwamba utaratibu huu wa kukimbia na kutembea kwa zamu ulienezwa na Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na kwamba wapo wanaoufuata hadi mwisho wa marathoni nzima. Haukubuniwa kwa ajili ya wavivu.

Jambo ambalo programu ililieleza vizuri kuliko nilivyotarajia ni sababu ya polepole hiyo. Moyo na mapafu hujifunza haraka, na ndani ya wiki chache mtu huona kilima kilichokuwa kikimkata pumzi kimekuwa cha kawaida. Mifupa na kano huimarika kwa miezi. Kwa hiyo anayeanza hufika mahali ambapo pumzi inamruhusu kufanya kile ambacho mguu haujawa tayari kukibeba, na majeraha mengi ya wageni hutokea hapo. Laiti watengenezaji wangeukumbuka ukurasa wao wenyewe walipopanga wiki ya saba, lakini nitafika huko.

Kipimo cha kasi katika toleo la bure ni cha kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, uko sawa, ukishindwa, punguza. Mimi nilikuwa nikiwataja shangazi zangu kwa mpangilio wa kuzaliwa, na nikikwama kabla ya shangazi wa nne najua nimezidisha mwendo. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na hakikunidanganya hata mara moja. Nilipohamia toleo la kulipia, kikaondolewa na mahali pake pakawekwa mapigo ya moyo, ambayo programu hukisia kiwango chake cha juu kwa kutoa umri wako kutoka 220. Kanuni hiyo ni ya wastani wa watu wengi, na moyo wa mtu mmoja mmoja unaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Matokeo yake nilikuwa nikiamriwa kupunguza kasi ilhali nimeshafika kwa shangazi wa sita bila taabu. Upo mpangilio wa kuingiza kiwango chako mwenyewe, lakini nilikuja kuugundua wiki ya tano, nikiwa natafuta jinsi ya kuinyamazisha ile sauti.

Umbali niliupima uwanjani. Mzunguko wa njia ya ndani kabisa ya uwanja wa riadha ni mita 400, hivyo mizunguko 12 na nusu ni kilomita tano kamili. Simu yangu iliandika kilomita 5.2. Simu hupokea nukta kutoka kwa setilaiti na kuziunganisha, na kila nukta inayopotoka kidogo huongeza kipande cha njia ambacho mguu haukukanyaga. Chini ya majengo marefu hali huwa mbaya zaidi. Kwa mazoezi ya kila siku tofauti hiyo si neno, lakini mtu aijue kabla ya kujivunia rekodi.

Katika wiki ya sita jumla ya umbali wangu ilikuwa kilomita 24. Ratiba ya wiki ya saba ilidai 31, yaani ongezeko la karibu asilimia 30 kwa mkupuo. Wakimbiaji wana desturi ya kutozidisha zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, na ingawa si sheria iliyoandikwa kwenye jiwe, mtu akiivuka mara tatu anapaswa angalau kuonywa. Sikuonywa. Jumanne ya wiki ile nikaanza kuhisi maumivu kwenye ukingo wa ndani wa ugoko wa mguu wa kushoto, yale yanayokuja mwanzoni, yanatulia baada ya kilomita ya kwanza, kisha yanarudi jioni ukiwa umekaa. Nilitafuta mahali pa kuiambia programu kwamba naumwa. Hapakuwapo. Baada ya kila zoezi hukupa vitufe viwili tu, "Nimemaliza" na "Nimeruka", na kwake yeye aliyelala na aliyeumia ni mtu mmoja.

Nilibonyeza "Nimeruka" mara mbili. Wiki iliyofuata nikakuta mazoezi yale mawili yamehamishiwa mbele na kuongezwa juu ya yaliyokuwapo, hata ikawa natakiwa kukimbia siku tano kati ya saba ili "kufidia". Hili ni kosa la msingi, wala si suala la ladha. Zoezi lililopita limepita. Mwili hauweki daftari la madeni, na mtu aliyepumzika kwa sababu ya maumivu ndiye wa mwisho anayepaswa kubebeshwa mzigo wa wiki mbili katika moja.

Hata hilo ningelisamehe kama si ukurasa wa michango. Programu humruhusu mkimbiaji wa hisani kuunganisha ratiba yake na ukurasa ambao wachangiaji wanaweza kuutembelea, na mwanzoni nililipenda wazo hilo, kwani kila nilipomaliza zoezi walioahidi walipata habari na wapya wakajitokeza. Sikujua kwamba nao hupelekewa habari za kinyume chake. Jumapili jioni simu ikaita, akawa baba mdogo, ambaye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchanga. "Mwanangu, u mzima? Nimeletewa ujumbe hapa kwamba umeruka mazoezi mara mbili, wananiambia nikutie moyo." Alikuwa na wasiwasi wa kweli, hakunilaumu hata kidogo. Lakini nilipokata simu nilijiona kama mtu aliyechukua fedha za wagonjwa akaenda kulala. Kesho yake alfajiri nilifunga kamba za viatu nikakimbia kilomita 14, na nne za mwisho nilizikimbia nikichechemea.

Watengenezaji wangelitazama hapa kabla ya kupamba skrini zao. Anayekimbia kwa ajili ya nafsi yake akiumia husimama, kwa kuwa hakuna anayemdai. Mkimbiaji wa hisani ana majina 40 kichwani na anaona aibu kuyaangusha. Hahitaji kusukumwa. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwalimu wa kumzuia, na programu hii imejengwa kinyume chake, ikatwaa huruma za ndugu na marafiki na kuzigeuza fimbo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Aliniambia niupitishe mwenyewe kidole gumba polepole kwenye ukingo wa mfupa, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo, na nimwambie kila panapouma. Paliuma eneo refu, kama urefu wa kiganja changu, lakini hapakuwa na doa moja lililonifanya niruke. Alinieleza kwamba maumivu yaliyotandaa hivyo mara nyingi ni mkereketo wa tishu zinazoshikana na mfupa, ambao hutulia kwa kupumzika. Maumivu makali ya mahali pamoja padogo kama ncha ya kidole huweza kuwa ufa kwenye mfupa wenyewe, na hapo mtu haruhusiwi kukimbia hata hatua moja kabla ya kupimwa. Hakuna hata neno moja la maelezo haya ndani ya programu, ingawa ina kurasa tatu kuhusu rangi ya nguo zinazoonekana gizani.

Nilipumzika kukimbia kwa siku tisa, nikaendesha baiskeli, kisha nikarudi kwa nusu ya umbali wa awali. Kuanzia hapo ratiba niliiandika kwa kalamu na kuibandika ukutani, na programu ikabaki kuwa saa na kipimo cha umbali. Kitufe cha kusitisha ratiba kipo, niseme haki; kimewekwa katika mipangilio ya akaunti, chini ya taarifa za malipo, na kukibonyeza hakusimamishi ujumbe unaokwenda kwa wachangiaji. Huo una kitufe chake, ukurasa mwingine kabisa. Anayeanza leo avitafute vyote viwili siku ya kwanza, kabla hajaalika mchangiaji hata mmoja.

Yapo mambo mengine mazuri ambayo nisingependa yafunikwe na ghadhabu yangu. Programu huhesabu kilomita za viatu na kukukumbusha zinapofika 500, kiwango cha busara kwa kuwa viatu vingi vya mbio huanza kuchoka kati ya 500 na 800. Mbio ndefu kabisa iliyopangwa ni kilomita 18, jambo lililonitia hofu mwanzoni, lakini ndivyo ratiba nyingi za wanaoanza zilivyo, na wiki mbili za mwisho hupunguza umbali ili miguu ifike siku yenyewe ikiwa imepona. Kengele ya kunywa maji kila baada ya dakika 20 niliizima. Mwendo wa taratibu wa saa mbili na zaidi unampa mtu nafasi ya kunywa kupita kiasi, na maji mengi mno hupunguza ukolezi wa chumvi katika damu, hali inayoweza kuwa ya hatari. Kiu ilinitosha kuwa kengele.

Siku ya mbio programu ilinikadiria saa mbili na dakika tano. Makadirio hayo hutokana na kasi yako ya kilomita tano, yakichukulia kwamba umejiandaa kwa masafa marefu kadiri ulivyojiandaa kwa mafupi, na hakuna mgeni aliye hivyo. Tangu kilomita ya pili sauti ikawa inanitangazia nilivyo nyuma ya lengo, dakika moja, kisha tatu, kisha saba, nami nikaendelea na utaratibu wangu wa kukimbia dakika nne na kutembea moja. Karibu na mwisho ikasikika shangwe ya tarumbeta masikioni: hongera, umemaliza nusu marathoni! Niliinua macho, na mstari wa kumalizia ulikuwa bado kama mita 350 mbele. Njia rasmi hupimwa kwa kufuata mkato mfupi kabisa wa kila kona, na sisi wengine huyumba huku na huku tukiwakwepa watu. Ukiongeza na nukta za setilaiti zinazopotoka, simu humaliza kabla ya mwenye simu. Wachangiaji wangu walikuwa wameshapokea habari za ushindi nami bado nahema barabarani. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 31, na ugoko haukuuma.

Michango iliingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika la hisani, na kila mchangiaji alipata stakabadhi yake siku hiyo hiyo. Katika hilo huduma yao haina dosari. Kuhusu usajili wa kulipia, kufuta programu kwenye simu hakuukatishi. Mimi niliifuta siku moja baada ya mbio na nikakatwa mwezi mwingine mzima, hadi nilipoingia katika akaunti ya duka la programu na kuusitisha kule. Kurejeshewa fedha kulichukua barua pepe nne.