.375 kwa dubu: bunduki niliyobeba Alaska

Tangu nirudi Nairobi kila mtu ananiuliza kuhusu dubu, lakini mimi nataka kuongea kuhusu bunduki, juu ile niliyoanza nayo ingeniponza. Shemeji yangu anakaa Anchorage, akanialika tukawinde moose, yule mnyama wa jamii ya kulungu mkubwa kama fahali, na sheria ya huko inasema mgeni asiye Mmarekani lazima awe na mwongozaji mwenye leseni. Shemeji akaniazima bunduki yake ya .300 magnum, risasi kali ya kupiga mbali, mtutu mrefu, darubini ya kupiga mbali, nikaona niko sawa kabisa.

Mwongozaji hakubishana na mimi. Alisimamisha katoni hatua kama ishirini, akasema huyo ni dubu, piga haraka. Nikainua, na kwenye darubini sikuona katoni, niliona rangi ya kahawia tu imejaa jicho lote, sijui juu ni wapi chini ni wapi. Dubu wa huko anakimbia hadi kilomita 56 kwa saa, hizo hatua ishirini anazimaliza kwa sekunde moja hivi. Nilitoka jasho na ilikuwa baridi.

Akanipa Winchester Model 70 ya .375 H&H, yaani risasi ya upana wa inchi 0.375 iliyobuniwa na kampuni ya Holland & Holland. Aki moyo wangu uliruka! Babu yangu kule Kitui alikuwa anabebea wazungu bunduki za safari kabla uwindaji upigwe marufuku hapa Kenya 1977, na hiyo "thrii seventi faivu" nimeisikia tangu nikiwa mtoto mdogo, ilitoka London mwaka wa 1912 na mpaka leo watu wanaibeba kwa nyati na ndovu. Darubini yake ni ndogo, unaiweka kwa moja, yaani haikuzi kitu, unalenga macho yote mawili yakiwa wazi. Chuma chake hakishiki kutu haraka, na mvua ya Alaska haina huruma. Kitu nilipenda zaidi ni ule ukucha wa bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi, unakamata risasi ikitoka tu kwa magazini na hauiachi mpaka iingie chemba, kwa hivyo hata ukiwa na woga na mkono unatetemeka inalisha vizuri.

Ubaya wake ni teke. Risasi ya uzito wa grein 300, karibu gramu 19, ilinifanya bega bluu siku mbili, na ukitembea kwa matope kutwa nzima utajua ni nzito. Fanya mazoezi ya karibu, umesimama, sio umelala kwa benchi. Na beba dawa ya kupulizia dubu, nunua huko huko maana ndege hairuhusu hata kwa mizigo.

Siku ya nne tulikuwa tunakata nyama ya moose, mikono damu tupu, dubu akatokea vichakani akasimama kwa miguu miwili. Mwongozaji akaninong'oneza, ananusa tu, usikimbie. Tukaongea naye polepole tukirudi nyuma, katoni ile ikanijia kichwani, lakini safari hii nilimwona mzima, pua mpaka miguu. Akashuka, akageuka, akaenda. Kidole kilikuwa kwa sefti, ile kufuli ya usalama ya bunduki, muda wote, sikuifungua.