.375 H&H baada ya misimu sita Rungwa

Kama kibali chako cha kuwinda ni cha bunduki moja tu, chukua inayopiga risasi ya .375 H&H Magnum. Nasema hivi baada ya kuibeba misimu sita kwenye miombo ya Rungwa, pori la akiba hapa Tanzania, na kabla ya hapo miaka minane nikiwa na .30-06, yenye risasi nyepesi zaidi.

Sina ugomvi na .30-06. Kwa swala pala, ngiri na kongoni inatosha kabisa, na bega halilalamiki. Ilinitupa kwa pofu. Dume lilinipa ubavu, kama mita 120, nikapiga nyuma ya bega. Pofu dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 900, na risasi yangu ya gramu 11.7 ilichanua mapema ikaishia kwenye mfupa. Tulimfuata kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Damu ilipungua hadi tone moja kila hatua ishirini, na msoma nyayo akawa anapiga magoti kugusa majani makavu kwa kidole, kuona kama damu bado mbichi. Tulimkuta amelala, anahema. Mnyama hastahili mateso yale, na kosa lilikuwa langu.

Risasi ya .375 ninayotumia ina gramu 19.4 na kipenyo cha milimita 9.5, ikitoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 770 kwa sekunde. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na ganda lake jembamba kuelekea mdomoni linaingia na kutoka chemba bila kukwama, hata jua la Oktoba likiwaka. Kwa nyati, simba na tembo sheria yetu hairuhusu chini ya hapo.

Kilichonishangaza ni swala. Nilidhani itamchanachana. Kumbe risasi nzito ya mwendo wa wastani inapita safi. Nyama iliyoharibika ni kidogo kuliko ya .30-06 kwa umbali ule ule. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo kwanza, akikata mkono wa mbele jikoni.

Kasoro zipo. Risasi ni ghali na si kila duka linazo, bunduki yenyewe ni nzito ukitembea siku nzima, na teke lake si mchezo. Wiki ya kwanza nilikuwa nafumba macho kabla ya kufyatua. Dawa niliyopata: rafiki anakupakilia bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ganda la mazoezi lisilo na baruti. Likitokea ganda tupu na mtutu ukazama chini, umejikamata mwenyewe. Nilirudia hivyo hadi risasi tatu zikakaa ndani ya kiganja kwa mita 100, na hapo ndipo nikaomba leseni ya nyati.

Kwa nyati, risasi ya kwanza napakia ya ncha laini, inayochanua mwilini, na zinazofuata zote ngumu, zisizochanua bali hupenya.