Seti ya foglaiti za IST: taa nzuri, waya wa mashaka

Haya wadau, karibuni. Hapa mezani nina seti ya foglaiti, yaani taa za ukungu, za Toyota IST ile ya kwanza iliyoishia 2007. Boksini kuna taa mbili, globu zake, relei (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi, swichi na waya ulioungwa tayari. Gari lenyewe hilo nyuma yangu. Limetoka Japani bila foglaiti, pale kwenye bampa limezibwa kwa vifuniko vya plastiki.

Kabla hujatoa hela, likague gari kwanza. Anza na mkono wa taa kwenye usukani. Gari lililokuja na foglaiti huwa na pete ya ziada hapa katikati, ina alama ya taa yenye miale iliyokatwa na wimbi. Miale ikielekea kushoto ni ya mbele, ikielekea kulia ni ya nyuma. Huu wetu hauna pete yoyote.

Sasa boksi la fyuzi. Kwenye Toyota nyingi mfuniko wake umeandikwa FR FOG, yaani foglaiti za mbele, 15A (ampea 15), na hapo ndipo watu wanashangilia mapema. Mfuniko unaweza kuwa ni ule ule kwa gari lenye taa na lisilo nazo. Mulika tochi ndani ya tundu la hiyo fyuzi. Ukiona vyuma viwili vya kubana, ujue kuna waya umepita. Sogeza kamera... mnaona? Tundu tupu, plastiki mpaka chini. Mwisho, toa kile kifuniko cha bampa, ingiza mkono, papasa kama kuna soketi imefungwa tepu kwenye waya mkuu. Ukiikuta, na vyuma vipo, huhitaji seti kama hii: tafuta taa, relei na mkono wenye pete, vichomeke, usikate waya hata mmoja. Sisi hapa hatuna kitu, kwa hiyo tunaanzia sifuri.

Turudi mezani. Taa nimezipenda. Kioo ni kioo kweli, na kina E ndani ya duara pamoja na herufi B, alama ya foglaiti ya mbele. Nikiiwasha kuelekea ukutani, mwanga umekatika juu kama umepigwa rula, chini umetanuka. Ukiwa Njombe au Lushoto alfajiri, ukungu umelala barabarani, hicho ndicho unachokitaka, kwa sababu mwanga unaopanda juu unakurudia usoni.

Globu ni H11, wati 55. Hapa niwatahadharishe wenye magari mapya zaidi. H8 ni wati 35, H16 za Toyota nyingi ni wati 19, na zote zinafanana na H11 kama ndugu wa tumbo moja. Zinatofautiana vile vimeno vya kwenye kitako. Fundi akitoa kisu akakata kimeno ili H11 iingie kwenye taa ya H16, mzuie. Ile plastiki haikutengenezwa kwa joto la wati 55, itaanza kuyeyuka soketi.

Sasa waya, ndipo seti hii inaponikera. Kwa nje umenenepa. Nimeumenya: karibu wote ni ganda. Hizi nyuzi za ndani nikizikwangua kwa wembe, wekundu unatoka, chini ni weupe. Alumini iliyopakwa shaba! Halafu wameweka fyuzi ya 30A. Hebu tupige hesabu: taa mbili ni wati 110, gawa kwa volti 12, unapata kama ampea 9. Fyuzi ya 15A inatosha kabisa. Hiyo ya 30 itakuwa bado nzima wakati waya unafuka moshi.

Kwa hiyo nimenunua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Relei yao nimeiacha, haina shida. Miguu yake ina namba: 30 inatoka betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri. 87 inakwenda kwenye taa. 85 ni ethi, yaani hasi, kwenye bolti ya bodi, ukwangue rangi kwanza. 86 inapitia swichi, na swichi inachukua moto, yaani umeme, kwenye waya wa taa za parking. Mafundi wengi wanauchukua betri moja kwa moja kwa sababu ni rahisi. Siku ukisahau kuzima, asubuhi unaomba kusukumwa. Waya wa kuingia ndani upite kwenye ule mpira uliopo tayari kwenye ukuta wa kati ya injini na ndani ya gari, msitoboe bati.

Swichi inawaka bluu kali mno usiku, nimeibandika chini ya dashibodi isiniumize macho. Kwa ujumla, ukiipata kwa bei ya taa tupu, chukua. Wakikupigia hesabu na huo waya, waachie.