Nimenunua denie ya Provins, uzoefu wangu

Wadau wa sarafu za kale, hii nimeichukua mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa Paris, euro 70 bila posta, na kusema ukweli nimeridhika ila kuna mambo myajue kabla hamjatoa hela. Ni denie, yani sarafu ndogo ya fedha, ya Champagne huko Ufaransa, iligongwa mji wa Provins enzi za mtawala wao Thibaut wa Pili (1125 hadi 1152), wakati huo Ufaransa mfalme hakuwa peke yake kwenye kutoa sarafu, mabwana wakubwa, maaskofu, hadi nyumba za watawa walikuwa na za kwao. Upande mmoja msalaba na maandishi TEBALT COMES (jina la Thibaut na cheo chake kwa Kilatini), upande wa pili CASTRI PRVVINS (ngome ya Provins) na katikati kuna kitana, yani kitana kabisa na meno yake, juu yake herufi T. Hicho kitana ndo kilinimaliza.

Sasa msitegemee kitu cha kung'aa, fedha yake ina shaba ndani, rangi kijivu kijivu, nyembamba, na kwa vile ziligongwa kwa nyundo kwenye yangu kitana kimekaa freshi ila herufi za mwisho za PRVVINS hazijatoka. Muuzaji aliweka picha pande zote na uzito gramu 1.1, nimepima nyumbani ni hiyohiyo. Hapo nampa maua yake, maana kuna mwingine nilimcheki kabla, yake bei chee afu inameta balaa, nikamuuliza uzito akawa ananizungusha tu, nikapita hivi. Sarafu ya karibu miaka 900 ikimeta hivyo basi imesuguliwa, kama sio feki.

Kasoro moja, imekuja kwenye kifuko cha plastiki laini, vile vya PVC ambavyo baadae vinaacha utando wa kijani, nikaihamisha siku hiyohiyo.

Kwa anayeanza hizi sio ngumu sana kupata, ziligongwa kwa wingi sababu magulio ya Champagne yalikuwa yanajaza wafanyabiashara toka Italia na Flanders, zikasambaa mpaka Seneti ya Roma, yani baraza la mji enzi hizo, nayo mwishoni mwa karne ya 12 ikaanza kugonga za kwake za kuigilizia, kitana kilekile. Hiyo ya Roma ndo naitafuta sasa niziweke pamoja, mwenye nayo anicheki, ila aanze na uzito.