Koni, nguo au fundi cherehani? Vya kumnunulia paka aliyefungwa kizazi, kuanzia kilicho bora

Paka jike akirudi nyumbani baada ya kufungwa kizazi, kazi kubwa inayobaki kwako ni moja: ulimi wake usifike kwenye mshono kwa siku 10 hadi 14. Wengi huamini kwamba paka akijilamba anajitibu, kwa hiyo humwacha. Ulimi huo umejaa vijiba vigumu vilivyoelekea nyuma, vinavyokwangua kama tupa. Akianza kulamba ngozi inakuwa nyekundu, akiendelea uzi unalegea, bakteria wa mdomoni wanaingia na mshono unafumuka. Ukifumuka hadi tabaka la ndani, utumbo unaweza kutokeza nje, na hapo ni kurudi mezani kwa daktari usiku huohuo.

Kila kifaa hapa tumekipima kwa swali hilo tu: je, ulimi unafika? Kupendeza na kumfurahisha paka vinakuja baadaye.

Nunua kabla ya siku ya upasuaji, maana jioni ile paka anarudi akiyumba kwa dawa ya usingizi na wewe huna nafasi ya kuzunguka madukani. Chukua futikamba, upime mzunguko wa shingo, umbali kutoka pale kola inapokaa hadi ncha ya pua, mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka shina la shingo hadi shina la mkia. Kisha muulize daktari wa mifugo atapasua wapi. Wengi hupasua katikati ya tumbo, wengine ubavuni, hasa kwa paka wa mitaani ambao mshono wao unahitaji kuonekana kwa mbali. Muulize pia kama nyuzi za nje zitayeyuka zenyewe au utarudi zitolewe.

1. Koni ya plastiki ngumu

Ni kola yenye umbo la faneli inayovaliwa shingoni na kuzunguka kichwa. Haipendwi na paka wala na mwenye paka, lakini ndiyo inayofanya kazi kwa mshono wa tumbo na wa ubavu. Chagua inayopitisha mwanga, ili paka aone pembeni na asijigonge kila kona. Kina chake kiwe ule umbali wa kola hadi pua, pamoja na sentimita 2 au 3 za ziada. Kwa paka wengi hiyo ni koni ya sentimita 10 au 12.5. Kosa la kawaida ni kununua fupi kwa kumhurumia: pua ikitokeza nje ya ukingo, koni hiyo ni pambo tu.

Shingoni paache nafasi ya vidole viwili. Ikilegea zaidi ya hapo, paka atapenyeza mguu wa mbele, na anaweza kunasa taya akijitahidi kuivua. Zile zenye matundu hufungwa kwa ukanda wa bendeji ya shashi uliopitishwa kote kisha ukafungwa fundo. Usitumie lastiki, inabana na kukata ngozi. Pitisha kidole chini ya ukingo wa shingoni kila siku. Manyoya yakianza kunyonyoka au ngozi ikiwa na unyevu, zungushia ukingo pamba iliyofunikwa kwa plasta ya kitambaa.

Shida kubwa ni kula. Sahani pana humshinda kwa sababu koni inagonga sakafu kabla mdomo haujafika. Tumia kibakuli kifupi chenye upana mdogo kuliko mdomo wa koni, ukiweke juu ya tofali au kopo lililopinduliwa, koni ishuke kukizunguka. Akikataa kabisa, mvue ale mbele ya macho yako, kisha mvalishe papo hapo. "Nitamvua kidogo apumzike" ndiyo inayofumua mishono mingi, maana paka huanza kulamba pale tu unapogeuka kuzima jiko.

Koni ina udhaifu mmoja unaosahaulika: haizuii ulimi wa paka mwingine. Kama nyumba ina paka wawili wanaosafishana, watenge vyumba, au tumia kifaa kinachofuata.

2. Nguo ya upasuaji ya pamba

Ni kama fulana inayofunika kifua na tumbo, yenye matundu manne ya miguu na uwazi wa nyuma. Kwa paka mtulivu mwenye mshono wa tumbo ni nzuri kweli: anakula, analala na kujikunja bila kugonga kitu, na wenzake hawaufikii mshono. Kama ana watoto wanaonyonya, nao watazuiwa, kwa hiyo panga na daktari kwanza.

Tazama kitambaa kabla ya rangi. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, poliesta hushika joto na unyevu, na mshono unaotakiwa kubaki mkavu unachemka. Chukua pamba inayovutika kidogo. Nguo ikae mwilini bila mikunjo, ila uweze kupitisha kidole chini yake kifuani na kwapani. Ikilegea, paka atatoa mguu mmoja wa mbele, akwame katikati, ashtuke. Pia nguo iliyolegea analamba kupitia pembeni, na hata iliyobana akiilamba hadi ilowe, unyevu unafika kwenye mshono. Paka wa aina hiyo mrudishe kwenye koni.

Nunua mbili, kwa sababu ya mkojo. Akichuchumaa ukingo wa nyuma hulowa, na nguo yenye mkojo haitakiwi kukaa hata saa moja juu ya kidonda. Nyingine zina vifungo vya kukunjia sehemu ya nyuma anapokwenda haja. Hizo ni bora.

Usiogope akivalishwa akaanguka ubavu au kutembea akiburuta tumbo kama amepooza. Ni namna paka wengi wanavyoipokea nguo mara ya kwanza. Mwekee chakula anachokipenda hatua chache mbele, asubiriwe. Asipoamka kula wala kunywa hadi kesho yake, nguo hiyo haimfai.

3. Nguo ya kushonesha kwa fundi cherehani

Hii inaikaribia ya dukani, na mara nyingi inakaa vizuri zaidi kwa sababu imekatwa kwa vipimo vya paka wako. Peleka fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa pamoja na vipimo vyako. Mwambie fundi akate kipande chenye urefu wa shingo hadi mkia, na upana wa mzunguko wa kifua ukiongezwa sentimita 4 za kupishanisha mgongoni. Matundu ya miguu apime kwa mzunguko wa kila mguu pale unapoungana na mwili, na upande wa nyuma akate mviringo chini ya mkia. Kifungio kiwe mgongoni, cha kamba za kitambaa au velkro. Zipu hapana, inakamata manyoya. Upindo wa kitambaa ugeuzwe nje, usisugue mshono.

Mkono wa sweta au soksi ndefu iliyotobolewa matundu manne unafaa kwa usiku mmoja wa dharura. Kingo zake hujikunja, na kufikia asubuhi tumbo liko wazi.

4. Koni laini ya kitambaa

Ni nyepesi na analalia bila shida, lakini paka mwenye bidii huikandamiza sakafuni, inakunjwa nyuma, naye anafika. Ikilowa maji ya kunywa inalegea zaidi. Tungeinunua kwa paka mzee na mpole tu.

5. Kola ya kupuliza

Usiinunue kwa kazi hii. Mgongo wa paka unapinda kiasi kwamba anaufikia mshono akiwa na hilo puto shingoni, na kucha moja inatosha kulitoboa.

Vya kuongeza kwenye kapu

Chooni mwake ondoa mchanga, udongo na majivu; weka magazeti yaliyochanwa hadi mshono ukauke, kwani chembe ndogo huganda kwenye kidonda. Tandiko liwe khanga safi unayoifua kila siku. Mabaki ya chakula yaondolewe mapema kwa ajili ya sisimizi, na chumba kiwe na wavu dirishani: inzi wakitaga kwenye mshono wenye unyevu, funza hawachelewi. Jioni ya kwanza mpe robo hadi nusu ya mlo wake.

Dettol, spiriti na maji ya GV yaache dukani. Mshono mkavu hauhitaji kupakwa kitu, na anachopakwa paka hatimaye hukilamba. Bendeji ya kuzungushia tumbo nayo hapana, inateleza na kutunza unyevu.

Na dawa ya maumivu ya binadamu kamwe. Nusu ya kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 inaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo; fizi hugeuka kahawia au bluu, uso unavimba. Ibuprofeni na diklofenaki zimo kwenye kundi hilohilo la hatari. Omba dawa ya maumivu ya paka kabla hujatoka kliniki.

Kagua mshono asubuhi na jioni, ikiwezekana upige picha ili ulinganishe. Uvimbe mdogo mgumu chini ya ngozi, usiouma wala kutoa maji, mara nyingi ni mwili unavyoupokea uzi. Rudi kwa daktari siku hiyohiyo ukiona mwanya, usaha, harufu, damu inayodondoka, fizi nyeupe, au akipitisha saa 24 bila kula.