Malalamiko ya elimu maalumu kwa jimbo, Marekani: nyota tatu kati ya tano

IEP ya mtoto, yaani mpango wa maandishi wa elimu na huduma za mtoto mwenye ulemavu, isipotekelezwa, mzazi aliyeko Marekani ana njia tatu: usuluhishi, kesi mbele ya mwamuzi, au malalamiko ya maandishi kwa idara ya elimu ya jimbo. Tunaipima hii ya tatu. Haina ada wala haihitaji wakili, na wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hawajawahi kuisikia.

Chini ya IDEA, sheria ya kitaifa ya elimu ya watoto wenye ulemavu, idara hupewa siku 60 tangu ipokee barua ichunguze na kutoa uamuzi wa maandishi wenye sababu zake. Muda huo huongezwa kwa dharura ya kweli tu, au pande zote zikikubali kusuluhishana. Kwa kasi hiyo, inastahili sifa.

Barua itaje kosa, ushahidi wa kosa hilo, jina na anwani ya mtoto, shule yake, suluhisho unalotaka, na mawasiliano yako. Weka sahihi. Nakala ipeleke kwa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo hilo, siku hiyohiyo. Kosa liwe limetokea ndani ya mwaka mmoja kabla barua haijapokelewa; la zamani zaidi halichunguzwi.

Barua nyingi huharibikia kwenye maelezo. "Shule haimjali mwanangu" haimpi mchunguzi cha kushika. Andika hivi: IEP inaagiza tiba ya usemi dakika 30, mara mbili kwa wiki; kwa wiki 12 amepata mara moja tu kila wiki; anadaiwa saa 6. Kisha omba saa hizo 6 zifidiwe. Usipoziomba, jimbo linaweza kukupa haki kwenye karatasi, likaamuru walimu wapewe semina, na mtoto asirudishiwe hata dakika moja. Kabla ya kuandika, iombe shule kumbukumbu za huduma zilizotolewa, maana mchunguzi huegemea sana nyaraka.

Kukosa mkalimani nako kunalalamikiwa. Shule inawajibika kuhakikisha mzazi anaelewa kikao cha IEP, ikiwamo kumtafutia mkalimani. Kumgeuza dada wa mtoto, naye mwanafunzi, awe mkalimani wa mama yake hakukubaliki hata kidogo.

Kwa nini nyota tatu tu? Kwanza, sheria ya kitaifa haikuweka rufaa dhidi ya uamuzi huu, ingawa baadhi ya majimbo huruhusu uangaliwe upya. Pili, ukifungua kesi juu ya jambo lilelile, jimbo hulisimamisha hadi kesi iishe. Tatu, na hili ndilo zito, msimamizi mwenyewe, yaani jimbo, anaweza kuwa mkosaji. Mwaka 2004 Texas iliweka kipimo kwamba wanafunzi wa elimu maalumu wasizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi wote, na wilaya zilizokivuka zikatiwa alama mbaya. Watoto wenye haki ya huduma wakaachwa nje kwa miaka mingi, hadi gazeti la Houston Chronicle lilipofichua mwaka 2016. Wizara ya Elimu ya Marekani ikathibitisha Januari 2018 kwamba jimbo lilivunja sheria.

Ukishinda, usikae kusubiri. Wilaya inatakiwa kurekebisha kosa mapema iwezekanavyo, bila kuzidi mwaka mmoja tangu lithibitishwe. Omba ratiba ya fidia kwa maandishi, na kila saa inapotolewa iandike pembeni ukalinganishe na kumbukumbu za shule.